Projekta kwenye plafon ya tripleksi: ishikiliwe wapi?

mama_katindo

Jambo wapendwa. Niko Goma, Katindo, na nyumbani kwangu kuna ubishi ambao naomba mnisaidie kuumaliza kabla ya Jumamosi.

Mume wangu amerudi na projekta kutoka Kigali. Si kubwa, kitabu chake kinasema kilo 3.1. Kwa sasa inakaa juu ya kameza katikati ya sebule, na mtoto akipita anakwaa ralonje (waya wa kurefusha umeme), picha inaruka kwenye pazia. Shemeji yangu, ambaye kwake hakuna kazi ngumu duniani, anataka kuifunga juu. Ameshanunua saporti, ile ya mikono minne yenye bomba fupi, na visi zilizokuja nayo kwenye kartoni. Mpango wake ni kupiga visi nne kwenye plafon, basi, imeisha. Anasema kilo tatu ni nini, mbona taa ya sebule imening'inia pale miaka yote.

Mimi roho inakataa. Plafon yetu ni tripleksi nyembamba (ubao wa tabaka zilizogundishwa), na upande wa dirisha imeshavimba kwa mvua. Juu yake ni mbao za mikaratusi na manjanja (mabati). Nyumba yenyewe ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, kama nyingi za huku. Lori lenye mzigo likipita, sahani zinalia kabatini. Na mtu wa Goma simkumbushi mitetemeko ya Mei 2021 baada ya Nyiragongo kulipuka. Mahali shemeji anapotaka kufunga ni juu ya kochi la mama mkwe wangu. Mnanielewa.

Sebule ina urefu wa mita 4.20, plafon iko mita 2.60 kutoka sakafuni. Ukuta wa mbele tumeupaka rangi nyeupe. Kitabu kinaandika uwiano wa kurusha picha 1.5 hadi 1.8, nao sijui ni wa nini. Nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba amekubali tutoboe tundu, ila alisema "moja tu, mama" na alinyoosha kidole.

Tripleksi inabeba au haibebi? Na kama haibebi, fundi anatakiwa kufanya nini hasa, ili nikisimama pale nijue kama anafanya kazi au anacheza?

fundi_ndosho

Jambo mama. Mwambie shemeji ashuke kwanza kwenye ngazi, tuongee.

Haibebi. Tripleksi kazi yake ni kuficha mbao na kuzuia vumbi la juu lisiwaangukie kwenye chakula. Taa anayoitolea mfano ni nyepesi na imetulia. Projekta ina feni inayozunguka muda wote ikiwa imewashwa, na uzito wake hauko katikati, maana lenzi mara nyingi inakaa upande mmoja. Visi iliyoingia kwenye tripleksi ya mm 4 imeshika nyuzi chache tu za mti. Feni inaitikisa kidogo kidogo, unyevu unalegeza gundi, na wewe huoni kitu kutoka chini mpaka siku inapochomoka.

Hapo kuna mtego ambao hata watu wa kazi yangu wanaingia. Ukitazama plafon kutoka chini utaona mstari wa vichwa vya misumari. Mtu anafurahi, "mbao iko hapa", anapiga visi pale pale. Kweli mbao iko, lakini ni ule ubao mwembamba wa kushikia tripleksi, nao wenyewe umepigiliwa kwa msumari uende juu. Hiyo siyo mbao ninayoitafuta. Natafuta shevroni inayobeba manjanja, au boriti inayotoka ukuta hadi ukuta. Kugonga kwa kidole hakukuambii tofauti, sauti inakuwa nzito kote kuwili. Lazima mtu afungue kipande cha plafon, aingize kichwa na tochi, aone. Mimi sitaji bei kwa mtu yeyote kabla sijaona mbao zake. Fundi atakayekupa bei kwa simu, mshukuru, mpite.

Sasa kazi yenyewe. Mara nyingi shevroni hazipiti pale unapotaka projekta ikae. Hakuna shida. Unachukua mbao kavu, sm 5 kwa 10, isiyo na ufa wala jicho kubwa katikati, unailaza kutoka boriti moja hadi nyingine, juu ya plafon. Msumari usiutumie hapo. Buloni (bolti) za mm 8 zinapita mbao zote mbili, rondela (washa) pana pande zote, na ekru (nati) ile yenye plastiki ndani ambayo haijifungui kwa mtikiso. Mikaratusi inapasuka haraka ukiilazimisha, kwa hiyo kila tundu linatobolewa kwanza. Tena kama mbao zako zilipigwa zikiwa mbichi, na huku kwetu nani anangoja mbao ikauke, zinasinyaa na buloni inabaki imelegea. Kiangazi cha kwanza mtu apande na ufunguo akaze tena.

Kwenye ile mbao ya kati ndipo bamba la saporti linafungwa, kwa tirfon (visi nene za mbao, za kukazwa kwa ufunguo) za mm 6 ambazo zinazama ndani ya mti si chini ya sm 5. Toboa kwanza kwa ncha ya mm 4, paka sabuni kwenye nyuzi za tirfon, kaza kwa ufunguo wa mkono. Ukisikia imekuwa nyepesi ghafla, nyuzi za mti zimekatika; sogeza tundu, usijaze njiti za kiberiti. Nimeziona hizo njiti, nyingi.

Na hapa mwenye nyumba wako anapata furaha yake: bamba na visi zote ziko juu ya plafon, kinachotokea chini ni bomba peke yake. Tundu moja. Kama bomba la saporti ni fupi mno, nunua refu zaidi, usishushe bamba likabane tripleksi. Ukikaza chuma juu ya tripleksi inabonyea, kesho yake imelegea.

Kabla projekta haijapanda, pima. Projekta na saporti yake tuseme ni kilo 5. Ning'iniza kwenye bomba mfuko wa mchele wa kilo 25, uache ulale pale usiku kucha, kochi likiwa limesogezwa. Asubuhi angalia kama bamba limeachana na mbao hata unene wa karatasi. Shemeji asijining'inize yeye mwenyewe, najua atataka.

Halafu waya wa usalama. Huu ndio watu wanaona ni fedha ya bure. Waya wa chuma uliosokotwa, mm 3, unafungwa kwenye boriti kwa buloni yake yenyewe, siyo kwenye saporti. Saporti ikianguka na waya umefungwa kwenye saporti, vimeanguka vyote. Upande wa pili unashika sehemu ya projekta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama haina, upitishe kwenye mkono wa chuma uliofungwa kwenye projekta. Kile kitundu kidogo cha kufuli ya wezi si cha kubeba uzito. Usiuache mrefu: kifaa kikidondoka sm 5 waya unakishika, kikidondoka nusu mita kinakuja na nguvu nyingine kabisa.

Hesabu ya lenzi nawaachia vijana wa mashine.

kijana_alanine

Mama, nachukua hapo fundi alipoacha. Mimi kazi yangu ni kufunga vifaa vya sauti na picha kwenye makanisa na kumbi hapa mjini.

Ule uwiano ni mwepesi: umbali kutoka lenzi hadi ukuta, ugawanye kwa upana wa picha. Ukifunga lenzi mita 3.20 kutoka ukutani, 3.20 ugawanye kwa 1.5 ni mita 2.13 za upana. Kwa 1.8 ni mita 1.78. Kati ya hapo unacheza na zumu. Picha ya upana wa 2.13 ina kimo cha mita 1.20 hivi. Kwa hiyo msikubali fundi achague mahali kwa kufuata boriti. Washeni projekta kwanza kwenye meza, sogezeni mbele na nyuma mpaka picha iwapendeze, wekeni alama sakafuni chini ya lenzi, ndiyo mpandishe alama hiyo juu kwa uzi na jiwe. Ile mbao ya kati ya fundi_ndosho inafuata alama.

Projekta ya juu inafungwa kichwa chini. Kwenye menyu kuna chaguo la kuambia mashine kwamba iko plafon, picha inageuka yenyewe. Nyingi zikiwa hivyo, picha inaanza karibu na usawa wa lenzi na kushuka chini. Lenzi yako ikiwa mita 2.35 kutoka sakafuni, chini ya picha itakuwa kama 1.15. Hiyo ni sawa kwa watu waliokaa kwenye makochi. Ukiiinamisha ili ilenge ukuta, picha inapanuka upande mmoja, halafu mtu anakimbilia marekebisho ya menyu. Yale yanakata sehemu ya picha, maandishi yanakuwa kama yana ukungu. Fungeni sawa kwa nivo (kipima usawa) tangu mwanzo.

Visi zinazoingia kwenye projekta yenyewe: mara nyingi ni M4, lakini kitabu chako kinaandika kipimo na kina. Visi ndefu kupita kiasi inagusa vitu vya ndani. Ziingize kwa vidole kwanza. Ikigoma mapema, simama. Na tafadhali, pale kwenye plastiki ya projekta hakuna gundi ya kuzuia visi kulegea, hakuna mafuta. Watengenezaji wengine wanaandika wazi kabisa kwamba vitu hivyo vinapasua ganda la plastiki, na projekta inaanguka. Sabuni ya fundi ibaki kwenye mti.

Jambo ambalo Goma watu hawaliangalii: mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mji unapanda kutoka hapo, kwa hiyo tuko kwenye mita 1,500 na kitu. Vitabu vingi vya projekta vinasema kuanzia mita 1,500 uwashe hali ya mwinuko kwenye menyu. Hewa ya huku ni nyepesi, shinikizo lake ni pungufu karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na hewa nyepesi haiondoi joto vizuri. Ukiwasha hali hiyo feni inazunguka kwa kasi zaidi. Italia zaidi, ndiyo, mzoee. Nimefika mahali mteja anasema mashine imekufa, inajizima katikati ya mechi, kumbe hakuna aliyegusa menyu hiyo.

Joto lingine linatoka juu. Manjanja saa nane mchana yanawaka, na plafon inashika ile hewa. Usiibane projekta kwenye plafon. Acheni bomba liishushe sm 20 au zaidi, na mdomo wa hewa ya moto usielekee ukutani karibu. Chujio la vumbi lisafishwe mara kwa mara: vumbi letu jeusi la lava ni gumu na linaingia kila mahali, na kama jiko la makala liko karibu na sebule, moshi wake unaganda kwenye lenzi. Chagueni saporti inayoruhusu kufikia chujio bila kufungua visi zote, la sivyo hamtalisafisha kamwe.

Umeme. Kama yako ni ya taa, siyo ya LED wala leza, umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado moto sana, na taa hizo ni ghali. Ondulèri ndogo (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) inatosha kuipa muda wa kupoa. Na ralonje isilale juu ya plafon ikiwa imefungwa kwa skochi: toeni prizi ya kweli juu, nyaya ndani ya bomba la plastiki, disjonteri (swichi kuu ya umeme) ikiwa chini wakati wa kutoboa.

lushi_kampemba

Jambo toka Lubumbashi. Sisi huku tuko kama mita 1,200, hiyo menyu ya mwinuko sijawahi kuigusa, lakini nimeelewa.

Mama, kwa nini plafon lazima? Sebule yako ina 4.20. Weka etajeri imara ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya watu. Lenzi itakuwa mita 3.85 hivi kutoka mbele, kwa 1.8 unapata upana wa mita 2.14. Ni picha ile ile! Hakuna tundu hata moja kwenye plafon, na mwenye nyumba analala usingizi. Mimi yangu iko hivyo na watoto hawaifikii.

mama_katindo

Asanteni sana, nimesoma kwa sauti na mume wangu anasikiliza. Shemeji amenyamaza kwenye aya ya njiti za kiberiti, sijui kwa nini.

Ndugu wa Lubumbashi, wazo lako nimelipenda, ila ukuta wetu wa nyuma ndio una mlango wa kuingilia. Ni ukuta wa mbao. Mlango ukifungwa na upepo wa ziwa, picha ya harusi yangu inahama mahali pake. Fundi, unaonaje?

Na jingine: upande wa dirisha uliovimba, je, unanihusu kama projekta itakuwa katikati?

fundi_ndosho

Lushi amesema vizuri, na kwenye nyumba ya matofali ningemfuata bila maneno. Kwa ukuta wa mbao wenye mlango, hapana. Kila mlango ukipigwa, picha itacheza, na projekta iliyolala kwenye ubao bila kufungwa inatembea yenyewe polepole hadi ukingoni. Ukitaka etajeri, iwe kwenye nguzo za ukuta, siyo kwenye mbao za kufunikia, na projekta ifungwe.

Uvimbe unakuhusu. Maji hayaanguki wima. Yanaingia penye tundu la msumari, yanafuata shevroni, yanatokea mita mbili mbali. Aliyepanda na tochi aangalie mbao kama zina michirizi myeusi, azichome kwa ncha ya kisu: kisu kikizama kirahisi, mbao hiyo imeoza na haibebi kitu. Zibeni manjanja kwanza, ngojeni mvua moja kubwa ipite, ndiyo mfunge mashine. Kama hiyo inapita Jumamosi yenu, ipite.

Na waya wa umeme mkiushusha kwenye projekta, uacheni ulegee kidogo chini kabla haujapanda kuingia kwenye mashine. Tone likifuata waya litadondokea hapo, halitaingia kwenye prizi.

kadutu_bkv

Kwa wanaosoma wakiwa Bukavu kwenye nyumba za ghorofa: plafon yenu ni zege, lakini chunguzeni kwanza ni zege gani. Nyingi zina matofali ya wazi katikati ya miti ya zege. Ukitoboa pale pa wazi, mashine ya kutobolea inazama ghafla na sheviye ya plastiki (kile kidude cha tunduni kinachoshika visi) inazunguka bure. Tafuteni mti wa zege wenyewe, tumieni sheviye za chuma zinazotanuka, tundu lisafishwe vumbi lote kabla ya kuingiza. Sheviye ya plastiki ukutani sawa, lakini kwa kitu kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu, mimi siiamini. Na vaeni miwani, unga wa zege unakuja machoni moja kwa moja.

kijana_alanine

Naongeza moja kuhusu kebo ya HDMI kabla hamjaziba plafon. Kutoka projekta hadi kwenye dekoda mtahitaji pengine mita 8 au 10. Kebo ya kawaida kwa urefu huo mara nyingine inaleta picha inayozimika-zimika. Ijaribuni ikiwa sakafuni, jioni nzima. Kama mkinunua ile ya nyuzi za mwanga, ina upande wa chanzo na upande wa skrini, imeandikwa kwenye vichwa vyake. Nimeshaitwa kufungua plafon ya watu kwa sababu waliipitisha kinyume.

Na watoto wasitazame ndani ya lenzi ikiwa imewashwa, hasa kama ni ya leza. Ikiwa juu, hiyo nayo ni faida.

mama_katindo

Tumeamua. Manjanja yanazibwa wiki hii, mume wangu amepanda mwenyewe na tochi: boriti mbili ziko pande zote za mahali tunapotaka, zimeachana kama mita moja na robo, kavu, kisu hakizami. Upande wa dirisha kuna michirizi, tutabadilisha ubao mmoja. Kochi la mama mkwe linahamia ukuta wa kushoto hata hivyo. Amesema yeye hakai chini ya kitu kinachowaka, awe fundi nani.

Shemeji amechukua karatasi, ameandika vyote. Anauliza buloni za mm 8 za urefu huo atazipata Birere au aende soko la Virunga.

fundi_ndosho

Birere, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Apime kwanza unene wa mbao zote mbili, aongeze sm 2 za rondela na ekru. Na rondela achukue pana, zile ndogo za baiskeli zinazama ndani ya mti.